Kufuli la Simu

Mama aliifunga simu kwa kufuli dogo la shaba,
akalipitisha kwenye tundu la namba moja,
ufunguo akaupigia fundo kwenye ncha ya leso,
akaenda zamu ya usiku Pumwani
kuzalisha wake za watu.

Buruburu, awamu ya tatu, mwaka wa tisini na sita.
Kaka yangu Mwakio alisubiri lango lilie,
akahesabu hatua zake hadi zikapotea,
ndipo akaitoa bisibisi chini ya godoro.

Kufuli hakuligusa. Hilo nataka lieleweke.
Alilistahi, kama mtoto aliyelelewa vyema.
Alifungua kisanduku cha ukutani,
akachuna nyaya mbili kwa meno,
akaziunga na modemu ya mnadani,
haina kifuniko, utumbo nje,
imekalishwa kwenye sahani ya bati isiunguze meza.
"Funika," akaniambia. Nami, wa miaka tisa,
nikaitupia blanketi majirani wasisikie.

Ikakohoa. Ikajipigia namba, tak-tak-tak,
ikanyamaza kama mtu aliyebisha hodi na kutega sikio.
Halafu, kutoka upande wa pili,
mluzi mwembamba,
mchanga ndani ya sufuria,
mabati yakiburutwa juu ya lami,
na mwishowe shwari.
"Tumeingia," alisema. Kila mara kama mara ya kwanza.

Tumeingia wapi? Mlango sikuuona.
Niliona herufi za kijani zikitambaa mojamoja,
siafu waliobeba mayai.
Humo mlikuwa na watu: Harjit wa Pangani
aliyeandika bila nukta wala salamu;
Bi. Lusweti wa maabara, aliyewasahihisha wote;
na Musembi wa Kayole, asiye na simu,
aliyekuja kwa miguu kila Jumamosi,
disketi ndani ya soksi isilowe,
kuchukua barua zake za wiki.

Picha moja ilishuka nusu saa.
Nywele. Paji la uso. Nyusi.
Tukabishana, mwanamke au mwanamume?
Kabla ya pua, stima ikapotea.
Mpaka leo sijui alikuwa nani.

Bili ikaja Juni. Mama aliisoma amesimama.
Akaliendea kufuli, akalivuta: limefungwa.
Akasoma tena. Simu iliyozibwa mdomo
imezungumza saa arubaini na moja.
Wiki nzima tuliombewa, sisi pamoja na ukuta.

Kisha usiku mmoja alirudi mapema, lango halikulia.
Alisimama mlangoni, viatu vyeupe mkononi,
modemu ikikwaruza chini ya blanketi.
Mwakio akaganda. Mimi nilijikojolea kidogo, sioni haya kusema.
Mama akainua kidole: nyamazeni. Akainama,
sikio karibu na blanketi,
vile alivyoinamia vichanga vya jiji zima.
"Kamasi," akanong'ona. "Koo halijafunguka."
Mkwaruzo. Mluzi.
Akangoja, kiganja hewani,
hadi paliponyamaza.
"Haya. Sasa anapumua."

Kusamehe, hakusamehe. Mwakio aliuza baiskeli, na bado haikutosha.
Lakini kufuli alilifungua usiku uleule,
akaliweka juu ya runinga:
"Mwizi keshapita ukutani, mlango nimfungie nani?"

Sasa Mwakio yuko Voi, anafuga nyuki.
Namba ile naikumbuka kwa mdundo, tarakimu zimenitoka.
Siku hizi mtandao uko nyumbani kama unyevu,
haubishi hodi, haukohoi;
mwanangu hajawahi kusema "tumeingia"
kwa kuwa hajawahi kuwa nje.

Kufuli ninalo, kwenye droo ya vijiko, liko wazi.
Silibani. Ufunguo ulibaki fundoni,
na leso ile
tulimzika nayo.